Ukungu wa Julai unaishia mita ngapi? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Mwalimu mmoja wa jiografia, anayefundisha sekondari mjini Moshi, ameniuliza hivi: "Kila kipupwe tunakaa siku nyingi hatuoni jua wala mlima. Lakini waongoza wageni wanaoshuka wanatuambia huko juu jua lilikuwa kali na mawingu yote yako chini yao. Ningependa kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakaone kwa macho yao, twende na kurudi siku hiyohiyo. Nitajuaje siku gani inafaa, na tupande hadi mita ngapi?"

Mwalimu, nimelifurahia sana swali lako, kwa sababu wengi huishia kusema "juu kuna jua" bila kuuliza hiyo juu inaanzia wapi. Inaanzia mahali fulani hasa, na mahali hapo pana namba. Namba hiyo hubadilika siku hadi siku, lakini unaweza kuikadiria jioni ya kuamkia safari ukiwa nyumbani na simu yako. Siku ya kawaida ya Julai huwa kati ya mita 2,000 na 3,000 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana Kreta ya Maundi, juu kidogo ya kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, inafaa kwa safari yako siku nyingi, ingawa si zote. Hizo siku ambazo haifai ndizo zinazohitaji maelezo.

Tuanze na chanzo. Kwa kawaida ukipanda, baridi huongezeka. Hewa isiyo na mawingu inayopanda hupoa kama nyuzi 1 kwa kila mita 100. Ikishapoa kiasi cha mvuke wake kugeuka matone, yaani ikishakuwa wingu, hupoa polepole zaidi, karibu nusu nyuzi kwa kila mita 100, kwa kuwa mvuke unapogeuka maji huachia joto. Hewa hiyo itaendelea kupanda mradi ina joto kuliko hewa iliyo pembeni yake. Lakini kuna siku ambapo, ukifika kimo fulani, joto huacha kupungua na badala yake huongezeka. Katika mita 100 au 200 tu unaweza kutoka kwenye nyuzi 7 ukaingia kwenye nyuzi 11. Tabaka hilo ndilo tunaloliita inversheni, yaani mgeuko wa halijoto. Hewa ya chini ikifika hapo inajikuta ni ya baridi na nzito kuliko ile iliyo juu yake, kwa hiyo inakwama. Inversheni ni kifuniko cha sufuria: mvuke, vumbi na moshi wa majiko yote hubaki chini yake.

Kifuniko chetu cha kipupwe hutengenezwa mbali na Kilimanjaro. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Mauritius na Réunion, hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa. Ndani ya mgandamizo huo hewa ya juu hushuka polepole, na hewa inayoshuka hubanwa, ikibanwa hupata joto na kukauka. Chini yake unavuma upepo wa kusi, uliopita juu ya maji ya bahari siku nyingi, wenye ubaridi na unyevu. Kwa hiyo hewa inayotufikia ni ya tabaka mbili zisizochanganyika: chini ni baridi na majimaji, juu ni kavu na yenye joto. Kusi linapokutana na milima ya Usambara, Pare na hatimaye Kilimanjaro, tabaka la chini husukumwa juu ya miteremko, hupoa, huwa wingu, na wingu hilo linagonga kifuniko na kutandaa. Huo ndio uji mzito wa kijivu mnaouona Moshi wiki nzima, wenye manyunyu mepesi lakini bila radi. Mvua kubwa haitoki humo, kwa sababu wingu limezuiwa kukua kwenda juu.

Hapa naomba tutenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyaita ukungu, maana dawa ya kila moja ni tofauti, na ukikosea unaweza kuwapandisha watoto bure.

La kwanza ni ukungu wa bondeni. Usiku ukiwa mweupe na upepo umetulia, ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa iliyoigusa hupoa, huwa nzito na kuteremka kukusanyika mabondeni. Asubuhi bonde limejaa ukungu na vilima viko wazi. Nyanda za juu kusini wanaujua vizuri sana: Njombe, Mufindi, na kule Kitulo ambako asubuhi za Juni na Julai nyasi huamka na barafu nyeupe. Ukungu wa namna hii una kina kidogo, mara nyingi makumi ya mita tu au mia moja na ushee, na jua likipanda huyeyuka. Kuutoka ni kazi ya dakika chache za kupanda kilima.

La pili ni wingu la mteremko. Upepo wenye unyevu hupanda ukingo wa mlima na kuwa wingu palepale ukingoni. Mfano mzuri ni ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi. Wageni huamka hotelini hawaoni hata mti wa jirani, halafu wakiteremka ndani ya kreta, mamia ya mita chini, wanakuta jua, kwa sababu hewa ikishavuka ukingo na kushuka upande wa pili hupata joto na matone yake hukauka. Ukungu wa namna hii unautoka kwa kushuka. Mtu anayeshikilia kwamba lazima apande atapanda ndani ya wingu hadi achoke.

La tatu ndilo lenu: wingu pana lililotandaa chini ya inversheni, ambalo kwa mtu wa Moshi ni wingu la kawaida la kijivu angani, na kwa mtu wa Marangu juu ni ukungu uliomfunika mlangoni. Ni wingu lilelile. Wa Moshi yuko chini ya kitako chake, wa Marangu yuko tumboni mwake, na mgeni aliyeko kituo cha Horombo, mita 3,720, yuko juu ya mgongo wake. Unahitaji basi namba mbili: kitako kiko wapi, na mgongo uko wapi.

Kitako ni rahisi, na data zake unazo karibu. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ulioko mita 894 kutoka usawa wa bahari, hutoa taarifa za hali ya hewa kwa ajili ya marubani, zinazoitwa METAR. Zinasomeka bure mtandaoni ukitafuta kwa alama ya uwanja, HTKJ. Ndani yake kuna namba mbili zilizotengwa na mkwaju, kwa mfano 17/14. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Toa ya pili kwenye ya kwanza, kisha zidisha kwa 125. Jibu ni mita ambazo hewa hiyo inapaswa kupanda ili iwe wingu. Kwa mfano wangu tofauti ni 3, kwa hiyo ni mita 375 juu ya KIA, sawa na mita 1,270 hivi kutoka usawa wa bahari. Katika taarifa hiyohiyo utaona pia kitu kama BKN012. Herufi zinasema anga limefunikwa sehemu kubwa, na 012 ni futi 1,200 juu ya uwanja, yaani mita 366. Hesabu yako na macho ya mtu wa kituo zikikubaliana namna hiyo, kitako umekipata.

Wape wanafunzi hesabu hii kabla ya safari. Nakuahidi hakuna kitu kinachowakamata vijana kama kukokotoa darasani mahali wingu linapoanzia, kisha kulipita kwenye daladala wakitazama madirisha yanavyoingia ukungu mahali palepale walipopaandika daftarini.

Mgongo wa wingu ndio wenye kazi, kwa sababu hakuna aliyesimama pale na kipimajoto. Njia ya uhakika kuliko zote ni puto la hali ya hewa. Duniani kote vituo hurusha maputo yenye kifaa kinachotuma joto, unyevu na mgandamizo kadiri puto linavyopanda, na saa zilizopangwa kwetu huangukia saa 9 usiku na saa 9 alasiri. Kituo kilicho karibu nanyi ni Dagoretti, Nairobi, namba 63741, na michoro yake hupatikana kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, siku ambazo puto limerushwa. Mchoro una mistari miwili: wa kulia ni joto, wa kushoto ni kiwango cha umande. Ndani ya wingu mistari hiyo hugusana. Ukipanda na kidole ukaona ghafla mstari wa joto unapinda kwenda kulia huku ule wa umande ukikimbilia kushoto, hapo ndipo kifuniko kilipo. Hakuna umbo jingine kwenye mchoro linalofanana na hilo. Ukiliona mara moja hutalisahau. Kumbuka tu kwamba Dagoretti yenyewe iko karibu mita 1,800, kwa hiyo mchoro wake unaanzia hapo na hauwezi kukuambia chochote kuhusu mita 1,500. Na Nairobi si Moshi. Kifuniko huteremka na kupanda kikisafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa hiyo lichukue puto hilo kama dokezo.

Njia ninayoipendekeza zaidi kwako ni kusoma kielelezo cha utabiri, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa ijayo. Programu kama Windy hukuruhusu kuweka alama juu ya ramani, hapo Marangu, na kuangalia unyevu wa hewa katika viwango tofauti. Viwango hivyo huandikwa kwa hektopaskali, na kwa anga letu la tropiki unaweza kuvitafsiri hivi: 850 ni karibu mita 1,500, 800 ni mita 2,000 na kidogo, 750 ni mita 2,600 hivi, 700 ni karibu mita 3,150. Angalia unyevu katika 850 na 800, kisha 700. Kama chini ni asilimia 90 au zaidi na 700 ni asilimia 40 au pungufu, kifuniko kipo na kiko katikati ya hivyo viwango. Hiyo inaweza kuwa siku yako. Kama 700 nayo ni asilimia 80, ama kifuniko kiko juu sana, ama hakipo kabisa. Wanafunzi watafika Maundi wameloa na hawakuona kitu. Kama viwango vyote vina unyevu wa juu na utabiri unataja radi, baki shuleni siku hiyo.

Tuchukue siku ya kubuni ili uone namba zinavyokaa pamoja. KIA ni 17/14, kitako kipo mita 1,270. Hewa imepoa hadi nyuzi 13 na ushee hapo, na kuanzia hapo inapoa nusu nyuzi kila mita 100 ndani ya wingu: mita 1,500 ni nyuzi 12, mita 2,050 ni nyuzi 9 na nusu, mita 2,500 ni nyuzi 7. Halafu kielelezo kinaonyesha mita 2,700 ni nyuzi 11, na kiwango cha umande kimeanguka hadi hasi 10. Mgongo wa wingu basi ni kati ya 2,500 na 2,700. Siku hiyo Mandara, mita 2,700 hivi, iko pembezoni kabisa: inaweza kuwa juani saa 3 na kuwa gizani saa 5. Maundi iko juu ya Mandara kwa chini ya mita 100. Je, hizo mita zinatosha? Wakati mwingine ndiyo. Kwa kundi la watoto mimi ningetaka nafasi ya mita 200 kati ya mgongo ninaoutegemea na mahali nitakaposimama, kwa hiyo siku kama hii ya kubuni ningesubiri nyingine ambayo kifuniko kiko mita 2,500 au chini ya hapo.

Kuna sababu ya kutaka nafasi hiyo. Kielelezo kinakuambia kifuniko kilipo katika hewa huru, mbali na mlima. Mlima wenyewe una tabia zake. Jua likishaupiga mteremko, ardhi hupata joto, hewa iliyoigusa hupanda, na kuvuta wingu juu kando ya mlima hata kupita kimo cha kifuniko. Ndiyo maana waliopanda Kilimanjaro wote watakuambia jambo moja: asubuhi safi, kuanzia saa 4 au 5 mawingu yanapanda kutoka msituni, mchana kambi imefunikwa, na jua likikaribia kuzama yanarudi chini. Ndiyo sababu pia ninyi wa mjini huona mlima umefunguka alfajiri au magharibi, na mchana kutwa umejifunga. Upande wa kusini na kusini mashariki, unaopigwa na kusi uso kwa uso, ongeza mita 200 au 300 kwenye namba ya kielelezo ikifika mchana. Kwa hiyo saa ya kufika ni muhimu sawa na kimo. Kutoka lango la Marangu, kama mita 1,870, hadi Mandara ni kilomita 8 hivi, na kundi la wanafunzi litahitaji saa tatu. Mkianza kutembea saa 1 asubuhi mtakuwa Maundi baada ya saa 4. Mkianza saa 4, sahau.

Baada ya namba, kuna ushahidi wa aina mbili ambao mimi nauamini kuliko kielelezo chochote.

Wa kwanza ni picha za setilaiti. Picha za Meteosat hutoka mchana kutwa, na zinaonekana bure kwenye tovuti kama Zoom Earth. Zile za NASA Worldview ni chache kwa siku lakini zinaonyesha kitu chenye upana wa mita 250. Fungua picha ya siku ya Julai yenye mawingu. Utaona shuka jeupe kutoka pwani kupita Pare, na katikati yake Kilimanjaro umetoboa: duara la kahawia lenye doa jeupe la Kibo, na pembeni ya doa hilo, ndani ya duara hilohilo, Mawenzi. Sasa tazama ukingo wa ile duara, pale weupe unapokutana na kahawia. Ukingo huo ni mgongo wa wingu uliochorwa juu ya mlima. Weka ramani ya mistari ya kimo pembeni, tafuta mstari unaofuatana na ukingo huo, na umepata mita bila kupiga hesabu yoyote. Kama ukingo unapita juu ya msitu, kwenye nyika ya vichaka vya erika, ujue wingu limevuka mita 3,000. Fanya hivyo siku tatu au nne mfululizo kabla ya safari na utaona kama kifuniko kinapanda au kinashuka, kwani mara nyingi hakiruki kutoka usiku mmoja hadi mwingine.

Wa pili ni wapagazi. Usiwaulize "juu kukoje?", maana watakujibu "kuzuri". Waulize: "Jana mlitoka kwenye ukungu mkiwa wapi, na ilikuwa saa ngapi?" Mtu anayebeba mzigo kupita hapo wiki baada ya wiki atakujibu kwa usahihi wa ajabu: kabla ya daraja, baada ya Mandara, pale miti inapoanza kuwa mifupi. Ukipata majibu ya watu wawili waliopita siku moja yakafanana, hiyo ni data, na mimi ningeiweka mbele ya utabiri. Nimewahi kuona wataalamu wenzangu wakipuuza maneno ya watu wa aina hii kwa sababu hayakuja kwenye jedwali, na naona ni hasara kubwa kwa taaluma yetu.

Msitu nao unasema, kwa anayejua kuutazama. Mvua upande wa kusini wa Kilimanjaro huongezeka kadiri unavyopanda hadi karibu mita 2,200, kisha huanza kupungua, na ukifika kileleni uko jangwani, jangwa la baridi. Mahali mvua na ukungu vinapozidi ndipo penye miti mikubwa ya mikulo iliyovaa kuvumwani kutoka shina hadi tawi. Juu zaidi miti hufupika, ndevu za kijivu za lichen zinaning'inia matawini zikikamata matone ya ukungu, halafu karibu na mita 3,000 msitu unakwisha na vichaka vinaanza. Mpaka huo haukuwekwa na wingu peke yake. Moto wa miaka mingi umeusukuma chini sehemu nyingi, na msitu wa juu ukiungua, maji yale ya ukungu yaliyokuwa yanakamatwa na majani hupotea pia. Lakini kwa ujumla, ndevu zikiwa nyingi ujue mawingu hukaa hapo siku nyingi za mwaka. Waonyeshe wanafunzi.

Umetaja Marangu tu, lakini wenzako wa shule nyingine wanaweza kuwa na mahali pao, kwa hiyo niseme kwa haraka. Kwenye Mlima Meru, kituo cha Miriakamba kiko mita 2,514, hivyo kinaangukia katikati ya kifuniko, leo ndani kesho nje. Ni vigumu kukitegemea. Shengena, kilele cha Pare, kina mita 2,460 hivi na kusi hukipiga usoni. Kipupwe utakuwa ndani ya wingu mara nyingi. Lushoto ni chini zaidi. Na kama wanafunzi wanahitaji jua tu, si bahari ya mawingu, wapelekeni upande wa Rongai au Kilimanjaro Magharibi. Mlima unazikinga sehemu hizo na kusi, na mara nyingi jua linawaka huko siku ileile Moshi imefunikwa.

Kama watakuuliza kuna nani mwingine anayehangaika na kifuniko hiki, waambie wanaastronomia. Darubini kubwa za visiwa vya Kanari, kule La Palma na Tenerife, ziliwekwa karibu mita 2,400 kwa sababu inversheni ya pepo za biashara huyazuia mawingu chini yake, na zile za Mauna Kea, Hawaii, ziko mita 4,200 kwa sababu hiyohiyo. Na huko Uswisi, ambako tambarare ya kati hufunikwa kwa siku nyingi za vuli na baridi, utabiri wa taifa hutaja kimo cha mgongo wa ukungu kwa mita, na watu hupanga safari za treni za milimani kwa namba hiyo. Ningetamani siku moja Mamlaka ya Hali ya Hewa yetu nayo iitaje kwenye utabiri wa kipupwe kwa mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Tanga. Madereva wa barabara za milimani, wapandaji na wakulima wa kahawa wangeitumia kesho yake.

Sasa siku yenyewe. Kila kundi la wanafunzi libebe kipimajoto kimoja na daftari. Wapime langoni, kisha kila baada ya mita 100 za kupanda, kipimajoto kikiwa kivulini na mbali na mwili, wakisubiri dakika mbili kabla ya kusoma. Kwa kimo, simu nyingi zina kipimo cha mgandamizo. Wakirekebishe kwa kimo kilichoandikwa kwenye kibao cha lango, maana kimo cha GPS peke yake kinaweza kukosea kwa makumi ya mita. Na wajue kwamba kwetu karibu na ikweta mgandamizo wenyewe hupanda na kushuka kila siku kwa kawaida yake, ukiwa juu kabisa karibu saa 4 asubuhi na kushuka hadi alasiri, kwa hiyo kimo cha simu kinaweza kusogea mita 20 au 30 ukiwa umekaa palepale. Wakirudi darasani wachore grafu. Mkivuka kifuniko, mstari wao utashuka vizuri, utasimama, utageuka. Mkikosa kuvuka, mstari utashuka tu moja kwa moja hadi mwisho, na hilo nalo ni jibu sahihi la kuandika.

Mkifika juu ya mawingu na jua liko bado chini upande wa mashariki, wasimame wakilipa jua mgongo na kutazama ukungu upande wa magharibi, kama uko karibu na chini yao. Kila mmoja ataona kivuli chake kimerefuka juu ya ukungu, na kuzunguka kichwa cha kivuli kuna pete za rangi. Wajerumani waliliona hilo kwenye mlima Brocken, wenye mita 1,141 tu, na hadi leo kivuli hicho huitwa kwa jina la mlima huo. Kila mwanafunzi ataona pete kwenye kichwa chake mwenyewe na si cha mwenzake. Waache wabishane kwanza kabla hujawaeleza kwamba mwanga unarudishwa na matone kuelekea pale pale ulikotoka.

Mambo ya usalama ni machache ila usiyaruke. Ndani ya wingu mtaloa hata kama hakuna mvua, na mtoto aliyeloa kwenye nyuzi 7 na upepo anapoteza joto haraka. Kila mmoja awe na koti lisilopitisha maji na sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni, la kuvaa mkifika. Juu ya kifuniko hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo kofia na maji ya kutosha. Atakayeumwa kichwa na kutapika ashuke mara moja na mtu mzima, asingojee wengine. Wasiliana na hifadhi mapema kuhusu vibali, ada za wanafunzi na muongozaji, na waombe mruhusiwe kuingia lango likifunguliwa tu. Chagua siku mbili, ya kwanza na ya akiba, halafu jioni ya kuamkia ile ya kwanza fungua kielelezo uangalie unyevu kwenye 700. Ukiwa chini ya asilimia 40, na mgongo wa wingu uko mita 2,500 au chini ya hapo, waambie wanafunzi waje shuleni saa 10 alfajiri.